Uji wa Inzi na Mawese ya Mama

Kwa miaka mitatu nilikuwa mtu pekee wa Ujiji aliyejua kwa nini inzi haoni. Msicheke kwanza. Wenzangu niliosoma nao walikuwa mahakimu, wengine manahodha, mmoja alikuwa na duka la vipuri pale Katubuka lenye kiyoyozi. Mimi nilikuwa bingwa wa jicho la inzi, wala si yule inzi mkubwa anayetua kwenye dagaa walioanikwa, bali kale kadogo kanakozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Nilikuwa nasomea shahada ya uzamivu, na mtu yeyote aliyekaa karibu nami kwa zaidi ya dakika tano alielezwa habari hizo, awe ameuliza au hajauliza.

Maelezo yangu yalikuwa hivi. Jicho la inzi lina seli, seli ina ukuta, na ukutani kuna milango midogo sana ya kupitishia kalsiamu. Mwanga ukiingia jichoni, protini moja inaupokea na kumgutua jirani yake, jirani anamgutua wa tatu, mpaka mlango unafunguka na kalsiamu inamiminika ndani. Hapo ndipo inzi anaona. Lakini mlango ukibaki wazi seli inafurika na jicho linakufa, kwa hiyo kalsiamu hiyohiyo ikishaingia inawaamsha walinzi, nao ni protini pia, waje waufunge. Kuona kwenyewe ni huko tu: kufungua kwa wakati na kufunga kwa wakati. Nyumba nyingi ninazozijua hazina nidhamu hiyo.

Nami nilikuwa na mlinzi wangu mmoja, protini ambayo kazi yake ilikuwa haijaeleweka. Nilikuwa na ukoo wa inzi wanaozaliwa bila protini hiyo, na inzi hao walikuwa kama vipofu. Ukiwawashia tochi hawaifuati, wanabaki wametawanyika kama watu waliosahau walikuwa wanakwenda wapi. Inzi wa kawaida, waliokaa rafu ya pili ya maabara, waliikimbilia tochi mbio. Basi nikaandika kwamba mlinzi wangu asipokuwepo mlango haufungwi kwa wakati, na inzi haoni. Tasnifu yangu nzima ilisimama juu ya sentensi hiyo. Msimamizi wangu aliipenda, akaniahidi kwamba siku nikivaa joho kuna nafasi ya kufundisha inanisubiri. Nilikwisha chagua hadi rangi ya suti.

Kisha vyuo vikafungwa kwa sababu ya ule ugonjwa, kila mtu akaambiwa arudi kwao. Inzi hawajui habari za chuo kufungwa. Wasipobadilishiwa chakula kila baada ya siku chache wanakufa wote, na miaka yangu mitatu inakufa nao. Nikawatia katika vichupa arobaini vilivyozibwa kwa pamba, vichupa nikavipanga ndani ya boksi la biskuti, na boksi nikalipakata kwenye treni mpaka Kigoma. Mama mmoja wa kiti cha mbele aliniuliza nimebeba nini kwa adabu namna ile. Nilipomwambia, alihamisha kapu lake la chakula akaliweka upande wa pili wa miguu yake.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mama, na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye hutengeneza injini za mitumbwi pale mwaloni, ufukweni inapoegeshwa, na huamini kwamba kila kitu duniani huharibika kwa sababu kuna mtu hakukiangalia. Mjomba alisikiliza maelezo yangu ya kalsiamu mpaka mwisho huku anakula ugali wake wa muhogo.

"Mjomba," akaniambia, "unasema inzi haoni?"

Nikasema hawa wangu hawaoni.

"Mbona nikitaka kumpiga anaruka?"

Nikaanza kumweleza tofauti kati ya inzi na inzi. Akanawa mikono, akasema haya, kweli nimesoma, akaenda zake mwaloni. Tangu siku hiyo kila mtu aliyekuja kunisalimia aliambiwa na mjomba kwamba kama ana inzi anayeumwa macho asimfiche, amlete.

Mama hakucheka. Babu zake walivuka ziwa kutoka Kongo, na nadhani walivuka na sufuria mkononi. Mgeni akishaingia uani kwake, awe binadamu, awe kuku wa jirani, swali lake ni moja tu: anakula nini. Nikamweleza chakula cha inzi wangu. Ni uji mzito wa sembe, sukari, hamira, na kijiko cha siki kuzuia ukungu. Sembe iwe nyeupe, daraja la kwanza, wala si dona.

Nilikuwa nakionea fahari chakula kile. Chuoni, mhudumu wa maabara aliwalisha wale inzi wa kawaida mapapai na maembe yaliyobaki kantini, na mimi nilimcheka sana. Nilimwambia sayansi hailishwi makombo. Inzi wangu walikula sembe iliyokobolewa mpaka ikabaki weupe mtupu.

Siku ya kwanza nilipika mwenyewe, nikaunguza sufuria ya mama ya kupikia sombe, yale majani ya muhogo. Siku ya pili akaninyang'anya mwiko. Basi nikaandika maelekezo kwa herufi kubwa nikayabandika kwenye ukuta wa jiko, vikombe vingapi, dakika ngapi. Mama akayasoma yote kwa sauti, halafu akaniuliza, "Sasa hawa wageni wako wana nini hasa?"

"Hawaoni, mama."

"Hawaoni kabisa?"

"Wanaona kidogo sana. Mwanga ukififia ndiyo hawaoni kabisa."

Mama akaguna. Mtu mwenye akili, akisikia mama yake ameguna vile, huuliza kuna nini. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumweleza habari za milango.

Kila Jumamosi asubuhi niliwapima. Nilitundika khanga mbili dirishani katika chumba cha nyuma ili kuingie giza, nikaunganisha vichupa viwili mdomo kwa mdomo, kimoja nimekizungushia karatasi nyeusi, kingine nikakimulika kwa tochi ya simu. Baada ya nusu dakika nahesabu waliohamia kwenye mwanga. Wiki mbili za mwanzo walikuwa walewale, vipofu wa kutegemewa. Wiki ya tatu wakapevuka wale waliozaliwa Ujiji na kulelewa Ujiji. Nikawasha tochi, wakaenda karibu wote.

Nilidhani nimechanganya vichupa. Lakini inzi wangu wana alama, mabawa yao yamejikunja kwa juu, huwezi kuwakosea, na hao waliokuwa wanaikimbilia tochi walikuwa na mabawa yaliyojikunja. Nikarudia mara tano. Mara zote tano walikwenda, tena kwa haraka, kama watu waliosikia kuna pilau.

Mtu mwenye busara angekaa chini akajiuliza ni kitu gani kimebadilika. Mimi nilikaa chini nikaanza kujiona gazetini. Kichwani mwangu nilikwisha gundua protini nyingine kabisa, mlinzi wa akiba, anayeshika zamu mwenzake akikosekana. Nikamwandikia msimamizi wangu ujumbe mrefu wa simu ulioanza na "Shikamoo Profesa" na kumalizika na mlinzi wa akiba. Akanijibu kwa vidole gumba vitatu na maneno mawili, niandike haraka. Katika daftari langu la kazi, ukurasa wa wiki ile, ipo sentensi ambayo nikiisoma hadi leo masikio yananiwaka moto. Inasema: rangi ya uji imekuwa ya manjano kidogo, huenda ni hamira ya huku.

Jumatatu iliyofuata niliingia jikoni kuchota maji ya kunywa. Nikamkuta mama anakoroga uji wa inzi kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ameshika chupa ya mawese, yale ya Kidahwe anayoletewa na mwanamke mmoja siku zote. Akamimina kijiko kizima. Hakuficha wala hakuharakisha. Akakoroga mpaka mafuta yakapotea ndani ya uji.

"Mama, unafanya nini?"

"Napika."

"Umeweka nini humo?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mawese. Si uliniambia hawaoni?"

Nikaitazama chupa, nikaitazama sufuria, na mama akachukulia kwamba sijaelewa, kwa hiyo akanieleza polepole, kama nilivyozoea mimi kuwaeleza watu. "Wewe mwenyewe ulipokuwa na miaka minne, jua likizama tu ulikuwa unajigonga kwenye milango. Bibi yako akakutilia mawese kwenye uji kila siku mpaka ukaacha. Hapakuwa na mtu aliyeleta habari za kalsiamu. Mtoto akipata kiza cha macho anapewa mawese, kila mwanamke huku anajua hilo. Wewe unawapa uji mweupe, uji wa mtu anayeharisha, halafu unashangaa hawaoni."

Kilichoniuma si kwamba alikosea. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nalijua jambo hilo. Nililifanyia mtihani na nikafaulu vizuri. Ile protini ya kwanza kabisa, inayopokea mwanga, haiwezi kutengenezwa bila vitamini A, na ule wekundu wa mawese ndiyo malighafi yake. Papai linayo, embe linayo. Sembe nyeupe daraja la kwanza haina. Kwa hiyo milango ya inzi wangu ilikuwa mizima, na mlinzi wangu, awepo asiwepo, hakuwa na kosa lolote. Aliyekosekana alikuwa yule wa mwanzo, wa kubisha hodi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimewanyima chakula viumbe wa Mungu, na walipopofuka kwa njaa nikaisingizia protini.

Hapo ningemshukuru mama. Badala yake nilimfokea. Nilimwambia ameniharibia kazi ya miaka mitatu, nikamuuliza nani aliyemtuma, nikamwambia haya si mambo ya jikoni. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki hapa kwa kuwa nayaonea haya.

Mama akaweka mwiko chini, akafunika sufuria. "Baba," akasema, maana ndivyo anavyoniita akiwa amekasirika na akiwa amefurahi, "kama kazi yako inaharibika kwa kijiko cha mawese, basi haikuwa imekaa vizuri." Akachukua ufagio akatoka kwenda kufagia uwanja ambao alikwisha ufagia asubuhi.

Nilimwomba radhi siku ya pili yake. Ningependa kusema ni kwa sababu ya majuto, lakini ukweli ni kwamba nilihitaji mpishi. Nilitaka kuhakikisha. Nilitaka vyungu viwili, kimoja chenye mawese na kimoja kisicho na mawese, na inzi wagawanywe nusu kwa nusu.

Mama akakataa katakata. Alisema tangu aolewe hajawahi kupika chungu cha kubagua, akawapa hawa akawanyima hawa chini ya paa moja, na hataanza uzeeni kwa ajili ya inzi. Nikamweleza kwamba ndivyo ukweli unavyopatikana. Akasema ukweli wa namna hiyo niupike mwenyewe, na nisitumie sufuria ya sombe.

Nikaupika mwenyewe. Na kwa kuwa inzi wa kawaida wa maabara nilikuwa nimewaacha chuoni kwa yule mhudumu wa mapapai, nikaenda kutafuta wa kwetu, wazima, wenye protini zao zote. Niliwakamata sokoni kwenye marundo ya ndizi, kwa chupa yenye ganda bovu ndani. Muuza ndizi mmoja akaniuliza kama ninawachukua wote au ninachagua. Nikasema nachagua kidogo tu. Akamwambia mwenzake, "Wasomi wameanza kukosa kazi," wala hakushusha sauti.

Nikawafuga kwa vizazi viwili. Nusu walikula sembe yangu safi, nusu walikula sembe yenye mawese. Mama alikuwa anapita mlangoni akiwatazama wale wa sembe tupu kwa huruma.

"Hawa walikuja wanaona," akaniambia siku moja. "Unawatia upofu kusudi?"

"Nathibitisha, mama."

"Unathibitisha nini?"

"Kwamba ulichosema ni kweli."

Akafikiri kidogo. "Si ungeniuliza tu?"

Jibu lilitoka Jumamosi, peupe kabisa. Inzi wa soko la Ujiji, wenye protini zote na walinzi wote, walipolishwa chakula changu cha daraja la kwanza wakawa hawaoni tochi. Wenzao wa mawese waliikimbilia. Tasnifu yangu ilikuwa imekufa, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika daftari na kuandika kwamba imekufa. Mjomba alipopata habari hakunicheka, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu kwamba injini ikikataa kuwaka, kitu cha kwanza kuangalia ni mafuta.

Nilimwandikia msimamizi kila kitu. Niliandika sembe, maembe ya mhudumu, mawese, inzi wa sokoni, hesabu zote. Niliandika kwamba tunaweza kurudia upya kwa chakula kimoja kwa inzi wote, itachukua miaka miwili, na pengine tutagundua mlinzi wangu anafanya kazi gani hasa. Nilijiona mtu mkubwa sana nilipobonyeza kutuma. Siku tatu kimya. Siku ya nne akapiga simu, nikaipokelea uani.

Hakuwa mkali. Ningefurahi angekuwa mkali. Alinipa pole ya kukaa nyumbani muda mrefu, akaniuliza hali ya mama. Kisha akasema makala yetu kuhusu mlinzi ilikwisha kubaliwa na jarida, nafasi ya kufundisha haiwezi kusubiri miaka miwili, na vipimo vya kwenye chumba chenye khanga dirishani si vipimo. "Hayo ya jikoni," akasema, "yaache jikoni."

Mama alikuwa anaanua nguo kamba ya pili kutoka niliposimama. Nikasema, "Sawa, Profesa."

Hakuna aliyenitishia. Hakuna aliyenishika mkono nikaandika. Nilitaka joho, nilitaka ile suti, nilitaka mjomba aache kunitania mbele ya wageni, na vyote hivyo nilivipata. Vyuo vilipofunguliwa nilirudi na boksi langu la biskuti, nikawapa inzi wangu sembe safi, na baada ya vizazi viwili wakawa vipofu tena kama tasnifu ilivyotaka. Daftari la Ujiji nililiweka chini ya begi na sikulionyesha kwa mtu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina lami, na mwisho wa mwezi inalipa mshahara. Sasa nafundisha. Kila mwaka nasimama mbele ya vijana nawachorea mlango wa kalsiamu na mlinzi wake pembeni, na wao wananakili.

Mwaka niliohitimu nilikwenda Ujiji na nakala moja ya tasnifu, jalada jeusi, herufi za dhahabu. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaipangusa kwa ncha ya khanga ingawa haikuwa na vumbi. Kiingereza hasomi. Akaketi mkekani, akaiweka mapajani, akaniuliza jambo moja tu.

"Habari ya mawese umeiweka wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na ilihitaji neno moja. Haipo. Angenisuta, pengine angelia, yangekwisha. Nikasema, "Ukurasa wa themanini na mbili."

"Nionyeshe."

Nikamfungulia. Ukurasa huo una mchoro wa mlango, na chini yake maelezo marefu ya mlinzi wangu na jinsi inzi anavyopofuka akimkosa.

"Mawese ni lipi hapa?"

Nikaweka kidole juu ya jina la ile protini, herufi tatu kubwa zenye namba mbele yake. Mama akainama, akazisoma herufi moja moja kwa kunong'ona. Akasema kumbe Wazungu mawese wanayaandika hivi.

Kitabu kile kinakaa sebuleni kwetu juu ya kabati la vyombo, kimefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Nikiwa likizo huona kinavyoshushwa kila akija mgeni. Mama huufungua ukurasa wa themanini na mbili bila kutafuta, huweka kidole palepale nilipoweka changu, na husema hapa ndipo mwanangu alipoandika mawese yangu. Wageni hutikisa kichwa kwa heshima, halafu hunigeukia mimi, nami hutikisa changu.